Kipa Aliyesujudu Kabla ya Filimbi

Siku ile ilinichosha kuliko umri wangu. Kamati ya klabu ya Chemchemi, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, ilinitaka niamue kabla ya jua kuzama iwapo kipa wetu, Shadhili Nampanda, afukuzwe. Kosa lake lilijulikana mji mzima: alipangua penalti ya dakika za mwisho, akasujudu papo hapo kumshukuru Mola, na paji lake likiwa bado nyasini, mpinzani akaufuata mpira uliorudi, akausukumia wavuni taratibu, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mgonjwa. Tukashuka daraja. Mimi, niaminiye miguu iliyopangwa vizuri na si zaidi, nilijiegemeza kitini barazani baada ya chakula cha mchana, usingizi ukanichukua pamoja na hasira yangu.

Nikajiona katika nchi iliyokuwa uwanja mmoja mpana usio na magoli, nyasi zake zikipanda na kushuka kama kifua cha aliyelala. Mbele ya lango refu umati ulisukumana. Tamaa, aliyevaa jezi za timu zote mbili, alipaza sauti, "Tupe ushindi!" Kando yake Hofu alifunga hirizi mkono mmoja, tasbihi mkono wa pili, na rozari shingoni. "Asiyejua mlango hubisha yote," akanieleza. Majivuno naye alisali kwa unyenyekevu mkubwa, jicho moja likitafuta kamera.

Mwanamke mwenye funguo kiunoni akanijia. "Mimi ni Imani."

"Hawa wote ni wako?"

"Hulitumia jina langu. Wakishinda hunisahau, wakifungwa hunishitaki. Twende ulione lango la ndugu yangu, Shukrani."

Lango hilo lilikuwa wazi, nalo lilikuwa limeota magugu. Kizingitini palikuwa na alama za mtu mmoja tu: magoti, viganja na paji la uso. Nikazitambua.

"Lakini, Bibi," nikalalamika, "huyu alikuja mpira ungali mchezoni!"

Shukrani, aliyekuwa akifagia, hakuinua macho. "Alikuja mapema. Wenzake hawakuja kabisa. Mlaumu kwa saa, usimlaumu kwa njia. Na wewe, misimu yote aliyokulindia goli, ulipita hapa lini?"

Nikatazama nyuma kutafuta nyayo zangu. Magugu yalisimama wima.

Adhana ya alasiri ikaniamsha. Sikupata dini, nilipata aibu, ambayo kwa mtu wa umri wangu inatosha. Kwani kijana yule, katika uwanja mzima wa waombaji, hakuwa ameomba kitu. Na mimi, niliyejisifu kwamba simwombi yeyote, sikuwa nimemshukuru yeyote pia. Nikaenda kwake. Nilimkuta uani akifua glavu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Umekuja kunifukuza?"

"Marahaba. Nimekuja kusema asante. Ile penalti uliipangua vizuri."

"Si walifunga?"

"Walifunga mpira wa pili. Wa kwanza ulikuwa wako."

Akazikamua glavu muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Utabaki," nikasema. "Ila kuanzia sasa, Nampanda, udake mpira kwanza, ndipo usujudu."

Akafikiri. "Na nikisujudu juu ya mpira?"

"Hapo," nikamjibu, "hata mimi nitaitikia amina."