Mama Mkwe Darasani

Jumatatu mume wangu Guy alimruka mama yangu darasani, hakumuuliza swali. Jumanne akamruka tena. Darasa lake la Kiingereza hufanyika kanisani, hapa kambini Dzaleka, Malawi, na kanuni yake ni moja: unaitwa kwa jina, unasimama, unamtazama mwalimu machoni, unajibu kwa wakati uliopita. Kwetu Fizi, Kongo, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawaitani kwa jina. Basi zamu ikifika kwa mama, Guy anageukia ubao, kisha anamwita mwanafunzi anayefuata, Wilondja.

"Mwalimu," Wilondja akasema Jumatano, "huyu mama iko anapasha benchi moto tu?"

Watu wakacheka. Mama akainamia daftari.

Ijumaa mwenye duka la kushona huko Area 47, Lilongwe, angewahoji mafundi kwa Kiingereza na kumwajiri mmoja. Mama ameshona miaka ishirini. Vitenzi vyote alikuwa ameviandika kwa mkono mzuri, lakini hakuna hata kimoja alichowahi kukitamka mbele ya mtu.

Nyumbani nilimwambia Guy, "Muulize kama wengine."

"We Bora! Nimusimamishe mama yako kama mutoto wa shule? Baba yangu angenilaani."

"Baba yako njo atamupa kazi?"

"Basi umufundishe we."

"Diploma yangu ni ya Kifaransa, unajua vizuri."

Akageukia ukuta, akalala.

Alhamisi alimruka tena, nami nikiwa benchi la nyuma. Safari hii mama akasimama bila kuitwa.

"Mukwe," alisema, macho yakiwa sakafuni, "heshima yako nimeiona. Lakini yule wa kesho hapana mukwe wangu, ataniuliza tu. Uniite."

Hakuna aliyecheka, hata Wilondja. Guy alifuta ubao ambao alikwisha kuufuta.

"Annuarite," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akamuuliza kwa Kiingereza jana alifanya nini.

Mama akainua uso. Alikosea. Guy akamsahihisha, akakosea tena. Mara ya tatu sentensi ikasimama yote, kuanzia mtendaji hadi nukta, naye hakuondoa macho usoni pa mume wangu.

"Sauti, Annuarite," Guy akasema, sasa bila kusita, kama anavyomwambia yeyote. "Rudia."

Ndicho nilichokuwa nikikidai wiki nzima. Mama akarudia, kwa sauti kubwa, na mimi, mtoto wa Fizi, nikashindwa kuwatazama.