Maji ya Makote Hayana Bomba

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, katika ofisi ya mradi wa maji mjini Masasi, Yasinta aliweka chupa ya chai mezani, akawasha kompyuta na kuendelea na zana ya kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya zana, yaani sentensi chache za kumwambia wakala kila kitufe kinafanya nini, kitumike lini na kisitumike lini. Wakala ni ile programu ya akili mnemba inayofungua na kufunga koki za mradi mzima. Haijawahi kufika Newala, maji yanakopelekwa. Inajua ilichoandikiwa, basi.

Zana ya kumi na moja ilikuwa imeshajazwa na meneja, Mhandisi Ladislaus, kwa haraka ya sherehe ya uzinduzi: "Hupeleka maji Makote." Uongo mtupu! Bomba liliishia Kitangari. Lililobaki lililazwa kwenye ripoti tu.

Lakini wakala alikuwa ameshasoma. Saa tatu kamili alifungua koki, na maji yakatoka kwenye mdomo wa bomba pale Kitangari, yakaendelea na safari hewani, unene wa paja, usawa wa kichwa cha mtu mzima, mpaka Makote. Yalifuata ramani ya mradi. Ramani ilipopinda kukwepa shamba la mkandarasi nayo yalipinda, yakaingia jikoni kwa mzee Sultani kupitia mlangoni na kutokea dirishani. Mzee Sultani alihamisha mafiga.

Makote yalishuka penye kigingi cha mpimaji. Bibiana, mama yake Yasinta, ambaye goti lake lilikwisha kwa miaka arobaini ya kuteremka bondeni kuchota maji, alikinga ndoo, ikajaa, akampigia binti yake simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yamefika. Yana chumvi kidogo."

Yasinta aliogopa, tena sana. Akiandika kwamba bomba halipo, huenda wakala angefunga, na mama arudi bondeni na goti lile. Akinyamaza, Ladislaus angepata cheti cha kukamilisha kazi, na bomba lisingekuja tena.

"Mama, nikiandika ukweli yanaweza kukatika."

"Yakatike! Ndoo nimebeba, naujua uzito wake. Uongo wa huyo bosi wako sibebi. Andika, mwanangu."

Akaandika: "Hupeleka maji Makote kupitia hewani. Bomba kutoka Kitangari halijawekwa. Usitumie zana hii kuthibitisha kwamba lipo. Kila ukifungua, wajulishe watumiaji, meneja na mkaguzi."

Akabonyeza kuhifadhi. Maji yalisimama juu ya jiko la mzee Sultani wakati wakala akisoma. Yalisimama kiasi cha mtu kumenya muhogo mmoja, kisha yakaendelea. Simu zote za Makote zikalia: "Maji yamefunguliwa. Yanapita hewani. Bomba halijawekwa."

Ya Ladislaus nayo ililia. Alikuja mbio mpaka mezani kwa Yasinta, mama yake Kelvin.

"Mama Kelvin, futa hayo maneno."

"Sifuti, bosi."

"Nitakuhamisha."

"Nihamishe. Niliyoyaandika ni ya kweli, na wewe unajua."

Alimsukuma kando, akafuta mwenyewe. Maji, kwa kukosa maelezo ya pa kwenda, yaligeuza njia, yakateremka mlima mpaka Masasi, yakaingia ofisini na kukaa juu ya meza ya meneja, yakichuruzika kwenye mafaili. Alikaa nayo tangu saa nne mpaka saa saba. Kisha akayarudisha maneno kama yalivyokuwa, hata nukta hakuiacha.

Alhamisi alikuja mkaguzi. Alitembea kutoka Kitangari hadi Makote chini ya maji, akainama kupita jikoni kwa mzee Sultani, akasalimia, shati likalowa. Alipofika Makote alitoa simu iliyolia saa tatu, akausoma ujumbe mpaka mwisho. Halafu akatoa muhuri na kugonga kwamba bomba limekamilika.

Yasinta alihamishiwa masijala wiki hiyohiyo. Maelezo yake hakuna anayethubutu kuyagusa. Kila siku saa tatu simu zinalia Makote, na ya meneja, na ya mkaguzi popote alipo. Bibiana huusoma ujumbe kwa sauti mbele ya foleni ya ndoo: "Bomba halijawekwa." Wenzake huitikia, "Tunajua!" Kisha wanakinga maji.

Halijawekwa hadi leo.