Maji Bado Yana Moto

Mshale wa kipimo ulikuwa kwenye sifuri. Nikaunyooshea kidole na kutamka kwa sauti, kama tulivyofunzwa: "Sifuri. Sawa." Huku kwetu kaskazini ya Japani ndivyo tunavyofanya kazi, kidole na sauti, ili macho yasikudanganye. Nilianza kukinyooshea kidole kiwanda hiki nikiwa na nywele nyeusi, na hakijawahi kufanya kazi hata siku moja. Nimechoka, sifichi.

Kimejengwa kwenye shamba letu la viazi vikuu. Maofisa walipokuja kununua ardhi, nilikuwa bado mwanafunzi. Walimweleza baba kwamba fito za urani zikitolewa kwenye vinu vya umeme wa nyuklia, sehemu kubwa huwa bado nzima. Hapa zingeyeyushwa kwa asidi, kinachofaa kikatengwa, zikaundwa fito mpya za kurudishwa kwenye vinu vilevile. Baba akacheka. Nyumbani tulijisugua kwanza pembeni, ndipo tukaingia kwenye pipa la maji ya moto kwa zamu: mgeni kwanza, kisha baba, kisha mimi, mama mwisho. Asubuhi mama aliyafulia maji hayohayo.

"Kumbe ni kama maji yetu ya kuoga," baba alisema. "Bado yana moto, ya nini kuyamwaga?" Akagonga muhuri wake kwenye hati ya kuuza.

Mdogo wake, ba'mdogo Eikichi, alipakana nasi na alikataa kuuza. Kwake hakukuwa na bafu, kwa hiyo kila jioni alikuja kuoga kwetu, taulo shingoni. Jioni ile alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Umeuza shamba la mzee kwa hadithi, kaka. Siku hicho kiwanda kikitoa hata ufito mmoja, nitakuja kuoga kwako. Kabla ya hapo usinichemshie maji."

"Basi taulo liweke karibu," baba akamjibu.

Hakuja tena. Alijijengea kibanda cha bati cha kuogea, na wakikutana dukani kila mmoja aliongea na muuzaji tu. Ulipotangazwa mwaka wa kuanza, baba alinunua chupa ya sake, pombe ya mchele, ya kumpokelea mdogo wake. Mwaka ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, na ile chupa ikabaki kabatini. Nami nikaajiriwa humo, nikawa nanyooshea sifuri kidole. Baba alipougua mapafu hakuniuliza habari za dawa. Nikirudi kazini aliuliza tu, "Masaki, bado?"

"Bado, baba."

Majira ya baridi yale redio ikatangaza kwamba kiwanda kimeahirishwa tena. Mama alikimbilia kuizima, lakini baba alikuwa ameshasikia. Akageukia ukutani.

"Nitakufa Eikichi hajarudi kuoga hapa," alisema. Nilimwonea huruma, na nilikichukia kiwanda kile kwa moyo wangu wote.

Jioni nilichemsha maji ili nimwogeshe. Nilikuwa namvua nguo mlango uliposogezwa. Ba'mdogo alikuwa amesimama pale, theluji mabegani, taulo shingoni. Akainama, akavua viatu.

"Redio umeisikia?" baba akamuuliza.

"Nimeisikia."

"Hakijaanza."

"Najua, kaka." Alikuwa anazitazama mbavu za baba. "Nimechoka kusubiri."

Baba akaonyesha pipa kwa kidevu. "Tangulia basi. Mgeni ndiye anayeanza."

"Mgeni nani? Mimi ni mdogo wako. Ingia."

Akakunja mikono ya shati, akamsugua mgongo polepole, kisha tukambeba wawili tukamtia majini. Baba akafumba macho.

Baba alipotoka, ba'mdogo aliingia, akakaa humo mpaka mvuke ukaisha. Mama akaja kumwita mlangoni.

"Toka, shemeji. Maji yamepoa."

"Bado yana moto," alijibu, na nilimsikia meno yakigongana.