Nani Anamtilia Nyuzi Sumu?

Nyuzi alikuwa na uhakika kwamba kuna mtu anamuua, tena polepole, tena kwa vipimo. Dalili zote alikuwa nazo. Mikono ilimtetemeka, jasho lilimtoka asubuhi ya baridi, usingizi ulimpaa, na kinywaji chake kilikuwa kimebadilika ladha. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Yeye alikwenda dukani kununua daftari, akaanza kuorodhesha washukiwa.

Jamani, huyu Nyuzi mnamjua, au mnamjua mwenzake. Enzi zake alipiga gita watu wakasahau kula. Siku hizi hilo gita limebaki na nyuzi tano, na ya sita anasema aliitoa makusudi, kwa ajili ya sanaa. Na pombe hanywi, msimsingizie! Yeye hunywa chai. Kila asubuhi mkewe, fundi cherehani, alimjazia chupa ya chai, ile ya kutunza joto, na alichomjazia ni wiski. Ndivyo walivyokubaliana miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya baa zote za karibu kumpiga marufuku: mke anunue, mke amimine, mume aite chai. Bendi nzima ilijua. Akikohoa baada ya funda la kwanza, mpiga besi alimwambia, "Pole kaka, chai ya moto hiyo," na mazoezi yakaendelea.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mpiga dramu, waliyemwita Radi, kwa sababu alijua maneno ya nyimbo zote, na mpiga dramu ana haja gani na maneno? Wa pili alikuwa mpiga kinanda, aliyeokoka majuzi akaanza kumwombea Nyuzi bila ruhusa. Lakini mshukiwa mkuu alikuwa shemeji yake muuguzi, mdogo wa mkewe. Huyo Nyuzi alimshuhudia kwa macho yake, mwezi uliopita, kupitia upenyo wa mlango wa jikoni: kashika bomba la sindano, anavuta kitu, anapima huku kafumba jicho moja, halafu anakitia kwenye chupa ya chai. Na mke kasimama pembeni, katulia tuli! Nyuzi alirudi chumbani akinyata.

Ungedhani baada ya hapo angeacha kuigusa ile chupa. Thubutu! Aliinywa yote siku hiyo, na siku zote zilizofuata, kisha akaandika kwenye daftari: "Leo sumu imezidi. Inawasha koo." Siku nyingine aliandika: "Imepungua. Wananichezea akili." Na akalamba kifuniko.

Lakini tusimcheke sana, maana kulikuwa na jambo lililomuuma kweli. Wiki mbili nyuma binti yake wa pekee alihitimu chuo cha ualimu. Kwenye tafrija pale nyumbani, wageni wakiwa na sahani mkononi, Nyuzi alisimama kutoa neno la baba. "Huyu mnayempigia makofi," alisema, "ndiye aliyeniua kimuziki. Asingezaliwa, leo ningekuwa mbali." Halafu akakaa, akaulizia soda. Binti alikusanya nguo zake siku ileile, akahamia kwa rafiki yake, na simu za baba hakupokea tena.

Nyuzi alimkumbuka mwanawe mpaka chakula kikawa hakipiti kooni. Zamani angesema, "Ni pombe, mwanangu, si mimi," kama alivyosema alipouza baiskeli ya mtoto, na alipomsahau shuleni mpaka mlinzi akampeleka nyumbani, na binti angeguna kisha akasamehe. Ila neno hilo lilikuwa limechakaa, hata yeye alijua hivyo. Sumu, lakini! Nani atamnunia baba aliyetiliwa sumu? Akimkamata muuaji, binti atarudi nyumbani. Kwake mambo yalikuwa mepesi hivyo.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi akawakusanya wote kwenye ukumbi wa mazoezi. Mke alikuja na shemeji. Binti naye alikuja, kwa kubembelezwa na mama yake, akakaa juu ya spika na mkoba wake mapajani, bila kumtazama baba yake. Nyuzi alipanga vikombe juu ya meza ya mitambo, akamimina kutoka kwenye chupa ya chai, nusu kikombeni na nusu mezani.

"Hatoki mtu humu," alisema, ingawa mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyejaribu kutoka. "Kuna mtu anataka kuniua. Asiye na hatia atakunywa. Atakayekataa, tumemjua."

"Kaka, mimi na vidonda vyangu vya tumbo, asubuhi yote hii?" alisema mpiga besi.

Nyuzi akaandika.

"Mimi nimeokoka, unajua," alisema mpiga kinanda.

Akaandika.

"Mi naendesha pikipiki," alisema Radi.

Akaandika. Mke naye akasema hana kiu. Sasa mpelelezi wetu akabaki anaitazama orodha yake, maana kila mtu alikuwa muuaji. Wote walijua kilichomo ndani ya ile chupa, kwa hiyo hakuna aliyeona haja hata ya kukinusa.

"Lete hapa, shemeji," akasema muuguzi. Akachukua kikombe, akakipiga chote, akaomba na cha mpiga besi. Nyuzi alimkodolea macho akingoja aanguke. Radi, ambaye hakupenda kupitwa na kitu, akaonja chake kwa ncha ya ulimi.

"Aisee," alisema. "Hii ni chai."

"Tunajua ni chai," mpiga besi akamkonyeza.

"Hapana bwana, chai chai! Tangawizi kibao, sukari hakuna."

Mke akashusha pumzi. "Nilichoka, mume wangu," alisema. "Nikamwambia mdogo wangu, akasema ukikatishwa ghafla unaweza kufa. Basi tukawa tunakupunguzia kidogo kidogo, anapima kwa bomba, tunajazia chai. Tangawizi ni ya kukuwasha koo usishtuke. Huko kutetemeka na jasho ni mwili unaachana na pombe. Miezi mitatu, usiku nakaa macho nakusikiliza kama unapumua. Tone la mwisho la wiski umekunywa tarehe tatu mwezi huu."

Ukumbi ukalipuka. Mpiga kinanda alipiga kelele za shangwe, Radi akakimbilia dramu zake akazitwanga, mpiga besi akamkumbatia Nyuzi mpaka daftari likaanguka. Na Nyuzi, mtu wa ajabu huyu, hakuchukua hata dakika kuanza kupokea hongera. "Nilikuwa nahisi," alisema, kifua mbele. "Nilijua nina nguvu za ajabu. Mwanamuziki akiamua, ameamua!" Akamgeukia binti yake, mikono imefunguka, machozi yanamlengalenga. Alikuwa na furaha ya kweli. "Umesikia, mwanangu? Baba yako amepona."

"Tarehe tatu," alisema binti.

"Tarehe tatu!"

"Tafrija yangu ilikuwa tarehe kumi na tano."

Radi aliacha kupiga. Mke akajiziba mdomo, maana katika kupima kwao kote hilo hawakuwa wamelipima. Nyuzi alimtazama shemeji yake, kisha ile chupa, kisha mpiga besi, akitafuta mtu wa kumsaidia kutunga uongo. Kila mmoja alikuwa na shughuli na viatu vyake.

"Nimesamehe mengi kwa sababu ya hiyo chupa," binti alisema. Sauti haikupanda. "Hili pia nilikuwa njiani kulisamehe, nikijua ni pombe. Sasa yarudie, baba. Yale uliyosema mbele ya wageni. Nataka niyasikie leo, tukiwa wote tunajua uko mzima."

Nyuzi alifungua mdomo. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

"Siwezi, mwanangu," alisema.

"Siku ile uliweza," alisema binti, akachukua mkoba wake.