Kilo Tisa za Mukamurenzi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla magunia ya kahawa hayajaanza kupimwa, Télesphore Ntirenganya alipanda juu ya mizani ya depo, karibu na bandari ya Goma, akiwa na kaptula peke yake. Bwana Laurent, Mbelgiji aliyesimamia depo ile, alisogeza chuma cha mizani, akainama, akasoma. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1956, alisoma kilo themanini na nne.

"Ni mingi," alisema. "Mwezi wa saba tunaenda Bukavu. Mimi nataka septante-cinq, sabini na tano."

Bukavu kulikuwa na mashindano ya kunyanyua vyuma. Katika kundi la watu wazito palikuwa na polisi mmoja ambaye hakuna aliyemweza. Katika kundi la kilo sabini na tano hapakuwa na mtu wa kutisha. Laurent alikuwa amecheza na vyuma ujanani kwao, na nyuma ya depo aliweka ekseli ya kamyo, yaani lori, yenye magurudumu ya chuma kila upande. Télesphore, mpakiaji wa miaka thelathini na minne, aliipandisha juu ya kichwa chake kila jioni baada ya kazi.

Laurent alimfinya tumbo kwa vidole viwili. "Hii iende. Nyama ya bega ibaki."

Kisha akamweleza. Aache ubugari, yaani ugali, pombe ya ndizi na mawese. Ale mayai, nyama, maharage, na mashanza, maziwa ya mgando yaliyokwisha kutolewa siagi. Aendelee kunyanyua uzito uleule, maana mwili usiopewa kazi hula misuli yake wenyewe. Nusu kilo kwa wiki, isizidi. Anayeharakisha hupoteza na mabega.

Mafuta yale ya tumboni yaliwekwa na mkewe, Mukamurenzi, kwa miaka tisa ya ndoa, kwa samli na mawese. Mukamurenzi alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita. Hawakuwa na mtoto. Tangu hapo, katika nyumba yake ya mtaa wa Murara, Télesphore alikula akiwa ameelekea ukuta, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na kiti cha mkewe.

Jumatatu iliyofuata mizani ilisoma themanini na tatu na nusu. Jioni aliporudi nyumbani alikuta mkono wa kushoto wa Mukamurenzi juu ya kile kiti, ukichambua maharage. Uliishia kwenye kiwiko. Télesphore aliuangalia, akaenda kuongeza maharage kwenye ungo.

Jirani yake, mjane aitwaye Lucie, aliyemletea mashanza, aliinama mlangoni.

"Ule ni mukono wa Mukamurenzi," alisema. "Uko na vumbi, Papa Télesphore. Uupatie maji."

Akaupatia maji.

Mkono wa kulia ulikuja wiki iliyofuata. Kufikia Pentekoste Télesphore alikuwa amepungua kilo tano na nusu, na juu ya kiti kulikuwa na mikono miwili, mabega na shingo. Vyuma havikumshinda, aliongeza hata kilo mbili kila upande. Nyumbani aligeuza kigoda chake, akaacha kuelekea ukuta. Mikono ilimfulia shati. Mara nyingine ilimshika mgongo pale penye maumivu, bila kuambiwa, kisha ikarudi kwenye maharage. Alizungumza peke yake habari za depo, na mikono ilisimama kidogo kila alipomaliza, kama inasikiliza.

Kichwa kilikuja mwezi wa sita, bila nywele. Nywele zilikuja wiki moja baadaye. Kitu cha kwanza alichosema Mukamurenzi kilikuwa, "Chumvi imezidi."

Jioni ya tatu Télesphore alimwuliza alivyokufa. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba mkewe alishikwa na homa njiani, akitoka kwa mama yake katika milima ya Masisi, na kesho yake watu walimleta Goma kwa machela.

"Haikukuwa homa," alisema Mukamurenzi, akitoa jiwe kwenye maharage. "Tumbo ilinikata pale Mugunga. Damu ilikuwa inatoka. Nikakaa kando ya barabara, kamyo ya kahawa ikakuja. Bwana Laurent alikuwa mbele na shofere. Nikamwambia niko bibi ya Télesphore wa depo. Akaangalia nyuma, akasema uzito umetimia, kesho itapita ingine."

"Na wewe?"

"Nikangojea."

Télesphore aliikumbuka kamyo ile, kwa kuwa siku ile Laurent aliyasifu mabega yake mbele ya wapakiaji wote.

Jumatatu, akiwa juu ya mizani, alisema, "Bwana, pale Mugunga kulikuwa mwanamuke kando ya barabara. Ni miaka mbili sasa."

"Ndiyo," alisema Laurent. "Alitaja jina yako. Lakini magunia ilikuwa arobaini, kamyo haikuweza tena. Wewe mwenyewe ulishusha." Akasogeza chuma cha mizani. "Septante-six. Ni muzuri. Wiki mbili zinabaki."

Télesphore alishuka, akavaa shati, akaanza kazi.

Bukavu walikwenda kwa meli. Alipimwa, akawa na sabini na tano kamili, akapandisha kilo mia moja ishirini na tano, akashinda. Kikombe kilipelekwa kwenye klabu ya Wazungu, chakula cha washindi kikaandaliwa hukohuko. Télesphore aliketi uani, nyuma ya jiko, akala yai alilokuja nalo mfukoni.

Aliporudi, Mukamurenzi alikuwa ametimia hadi kiunoni. Alikuwa mwepesi, Télesphore alimbeba hadi mlangoni kwa mkono mmoja ili aone mvua.

"Mafuta imeisha," alimwambia.

"Nyama iko," alisema Mukamurenzi.

Télesphore aliyaangalia mapaja yake mwenyewe. Yalikuwa yamemchukua miaka kumi na mitano ya magunia. Tangu wiki ile hakugusa ekseli tena. Alikula kiazi kimoja kwa siku, na mapaja ya Mukamurenzi yakaja, halafu magoti, halafu nyayo zenye kovu dogo la jembe. Mwezi wa kumi na mbili Télesphore alikuwa na kilo sitini na moja. Gunia la kahawa lilimwangusha mara mbili, wakamhamishia kwenye kushona midomo ya magunia. Laurent hakumgombeza. Alimpandisha mizanini kijana mwenye nguvu aitwaye Harelimana, akamkuta na themanini na sita, akaanza kumweleza habari za mayai na mashanza.

Siku Mukamurenzi aliposimama, alifagia nyumba nzima, akapika.

"Sasa ninaenda," alisema. "Mama alinisindikiza asubuhi ile. Mupaka leo hajui kama nilifika kwako."

"Utarudi?"

"Sijui. Mama amezeeka, na shamba iko peke yake."

Alimsindikiza hadi Mugunga. Watu waliokutana nao walimsalimu Mukamurenzi, wakamwuliza habari za siku nyingi. Baada ya nyumba za mwisho, kamyo ilikuja nyuma yao, imejaa. Waliingia pembeni, juu ya mawe meusi, wakaipisha. Hakuna aliyeinua mkono, na kamyo haikupunguza mwendo.

"Rudia hapa," alisema Mukamurenzi. "Miguu yako imebaki midogo."

Akashika njia ya Sake. Alitembea haraka, mwendo wa mtu aliyezoea kubeba. Télesphore alisimama hadi asimwone tena.

Nyumbani alikuta ubugari wa watu wawili, na maharage yenye mawese mengi. Alikula sehemu yake akielekea kiti. Alingoja kidogo. Kisha, kwa vile ilikuwa inapoa, akala na ile nyingine.