Viputo vya Mama Pindo

Nani alimtuma Mama Pindo ajitie mambo ya hadubini akiwa na miaka arobaini na nne? Hakuna aliyemtuma. Alijituma mwenyewe, na yule mama akishajituma, hata umvute kwa kamba hatoki. Suruali za watu alikuwa akizipunguza na kuzirefusha tangu usichana wake, na jina lenyewe la Pindo lilitokana na kazi hiyo, lakini roho yake ilikuwa kwenye maabara. Alitaka kuvaa koti jeupe na kusoma damu ya watu, basi.

Sasa shida ni hii. Chuo cha maabara hakikupokea mtu aliyefikisha miaka arobaini na tano. Ili aingie, alihitaji cheti cha biolojia mwaka huu huu, na hakuna aliyeandikishwa kwa mtihani wa cheti bila kufaulu jaribio la vitendo la Jumamosi ile. Saa sita mchana daftari la watahiniwa lingefungwa. Akishindwa, imekula kwake, arudi kwenye pindo zake mpaka uzeeni.

Darasa lilikuwa la watu wazima kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na hadubini yake mezani. Kushoto kwake alikaa kinyozi, kulia wifi yake, mdogo wa mumewe, msusi mwenye maneno mengi.

"Wifi," msusi alimnong'oneza wakati wa kukaa, "kumbuka kufumba jicho moja. Sio yote mawili."

"Nyamaza wewe, unayesuka watu kichwa upande!"

Mwalimu aliingia na maneno yakakatika. Walimwita Mwalimu Kimya, na wala hawakumwonea.

"Nasema mara moja," alisema. "Bandueni ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, iwekeni kwenye kioo, tone moja la iodini, funikeni kwa kile kioo chembamba. Choreni seli mnazoziona. Dakika arobaini. Atakayefungua mdomo kabla ya kengele, nachukua karatasi yake. Hata akisema samahani, nachukua."

Mama Pindo alianza kwa pupa. Mikono ilikuwa na haraka kuliko akili. Alibandua ngozi, akatia tone, kisha kile kioo chembamba akakibwaga juu yake pwaa, kama mtu anayefunika sufuria. Akainama kwenye lenzi. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe, nyeusi, zikipepesa. Akazungusha gurudumu taratibu, mwanga ukatulia, na hapo, lahaula! Miduara! Miduara mizuri inayong'aa, mikubwa kwa midogo, kila mmoja umezungushiwa mstari mweusi tii.

Moyo ulimruka. Nimeziona, alijiambia, seli hizi hapa, mimi fundi cherehani nimeziona! Akachora wa kwanza, wa pili, wa kumi, mpaka karatasi ikajaa. Alitupa jicho kidogo kwa wifi yake: miduara. Kwa kinyozi: miduara. Akatulia kabisa. Kama wote wanaona hivyo hivyo, wasiwasi wa nini?

Kilichobaki ni kiini. Iodini huvipaka viini rangi, hilo alilisoma mpaka akaliota. Akatafuta kiini kwenye mduara mkubwa, hakikuwepo. Kwenye mdogo, hakikuwepo. Akachukua sindano ya maabara akagusa kile kioo cha juu, polepole, kama anavyolaza kitambaa chenye mkunjo. Mduara mmoja ukakimbia. Ukakutana na mwenzake, ikawa mmoja. Wa tatu ukateleza mpaka ukingoni ukapotea.

Mama Pindo alishikwa na baridi. Seli haikimbii. Seli ina ukuta, imeshikana na jirani zake pande zote, itakimbilia wapi? Kinachokimbia ni hewa.

"Viputo!" ikamtoka, kwa sauti ya kuitia mtu barabarani. "Mungu wangu, jamani, tunachora viputo vya hewa!"

Kalamu zote zilisimama. Msusi aliitazama karatasi yake kama aliyekuta mende kwenye chai. Kinyozi alishashika kifutio, anafuta kwa nguvu mpaka meza inatikisika.

Mwalimu Kimya alikuja bila haraka, akanyoosha mkono, akaichukua karatasi ya Mama Pindo. "Nilisema," akasema.

Domo, ponza kichwa! Mwaka mzima wa kusoma, umeondoka kwa neno moja. Aliitazama ile karatasi mkononi mwa mwalimu, imejaa miduara, na ghafla kicheko kikamkaba. Kwani alichonyang'anywa ni nini? Ni viputo vitupu!

"Mwalimu," akasema, "mdomo nimeshaufungua, acha niutumie. Ulisema utachukua karatasi, umechukua. Hadubini hukuitaja."

Mtu alichekea kiganjani. Mwalimu aliitazama karatasi, akaitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na moja. Akaenda mezani kwake, akarudi na karatasi nyeupe, akaiweka mbele ya Mama Pindo.

"Ukisema tena neno moja, naitaja."

Haya! Mama Pindo alinawa mikono kwa pumzi moja. Akavunja kitunguu upya, akashika ukingo wa ngozi kwa koleo, akaivuta kama anavyofumua mshono bila kuchana nguo. Ikatoka nyembamba, inapitisha mwanga. Akailaza ndani ya tone bila mkunjo. Kioo cha juu safari hii hakukibwaga: alikisimamisha kwa upande mmoja, akakishikilia kwa ncha ya sindano, akakishusha kidogo kidogo, hewa ikatoka yenyewe mbele yake.

Akainama, akazungusha.

Ukuta mzima wa matofali! Marefu, yamepangwa yakabanana, hakuna pengo, na ndani ya kila tofali doa moja la hudhurungi. Viini! Alitaka kupiga vigelegele, akang'ata kanga yake badala yake. Machozi yalimtoka kwa furaha na lenzi ikaingia ukungu, akaifuta, akaanza kuchora. Mstari mmoja mmoja, bila kutia kivuli. Kengele ikalia.

Mwalimu Kimya alipita meza kwa meza. Alipofika kwake, aliiangalia karatasi.

"Seli tatu tu?"

"Ndizo nilizowahi kuziangalia vizuri, mwalimu. Nyingine ningezitunga."

Mwalimu aliinama kwenye hadubini ya Mama Pindo, akakaa humo muda mrefu, akiinua kichwa na kukirudisha. "Hii yenye kona iliyopinda," alisema mwishowe, kidole kikiwa kwenye mchoro, "na kiini kimesukumwa pembeni. Ipo. Nimeiona." Akafungua daftari la watahiniwa, ikiwa saa tano na nusu, akafungua kalamu. "Umefaulu. Jina kamili."

Mama Pindo alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, midomo ikatetemeka tu, machozi yakamshuka mpaka kidevuni.

"Ala!" Mwalimu Kimya alisema. "Sasa ndio unanyamaza?"

Darasa zima likaangua kicheko. Wifi yake, naye analia, akamtajia mwalimu majina yote matatu, herufi kwa herufi, na mwalimu akaandika.