Mahindi Yaliyokatwa Mapema

Dada yangu Jolene alizoea kusema kwamba mwezi wa Agosti nyumbani kwake hakuna viti. Viti vilikuwepo, ila hakuna aliyepata nafasi ya kuvikalia. Mwaka ule wa ukame ndio ukazidi. Mvua ilikatika Juni ikatusahau. Mahindi yalidumaa, majani yakajikunja, na mumewe, Verlyn Tesch, aliyazunguka kila jioni mikono kiunoni, kama mtu anayemwangalia mgonjwa ambaye haongei.

Lakini kazi nyingine hazikungoja mvua. Nyanya zilikuwa zimeiva, lazima zichemshwe na kufungwa kwenye chupa kabla hazijaoza. Maharage nayo vivyo hivyo. Majani ya ng'ombe yakatwe mara ya tatu, yakaushwe, yafungwe marobota. Dell, mtoto wao wa kati, alikuwa na mtamba wa kupeleka kwenye maonyesho ya kaunti, na mtamba huyo alioshwa na kuchanwa manyoya kuliko Dell mwenyewe. Marit, binti mkubwa, alikuwa anaingia mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Alipiga tarumbeta katika bendi ya shule, na bendi ilifanya mazoezi kila asubuhi, kwa hiyo yeye alikamua ng'ombe, akaoga mbio mbio, akaondoka na kipande cha mkate mdomoni. Posy, kitinda mimba, alikuwa anaanza shule. Kazi yake ilikuwa kumuuliza kila apitaye zimebaki siku ngapi.

Mimi ni Arlys, mdogo wake Jolene. Naishi ng'ambo ya barabara yao, na kazi yangu ni kuendesha basi la shule. Shule zikifungwa basi linalala, na mimi nakuwa mali ya Jolene. Siku hiyo ninayoikumbuka tulikuwa tunamenya nyanya, jikoni kumejaa mvuke, jasho linatutiririka hadi viwikoni, Verlyn akaingia kunywa maji.

"Shemeji," akaniambia, "hizo nyanya unazimenya au unazibembeleza?"

"Kisu kile pale. Mwenye haraka ajisaidie."

"Mimi nina haraka na mahindi." Akamgeukia mkewe. "Jolene, nakata wiki hii."

Jolene akaweka mwiko chini. "Hayajakomaa, Verlyn."

"Hayatakomaa. Yanafia shambani. Bora tuyaingize kwenye mnara ng'ombe wapate kitu wakati wa theluji."

Hakuwa peke yake. Wakulima wengi wa kwetu, hapa Wisconsin, walikata mapema mwaka ule. Mahindi mabichi, mabua na majani yote, hukatwakatwa na mashine, kisha hupulizwa juu ya mnara wa saruji na kuachwa yachachuke. Ndiyo sileji, chakula cha ng'ombe cha miezi ya baridi. Ila mahindi ya ukame yana hasira. Yakianza kuchachuka hutoa hewa mbaya, nzito, ya rangi ya manjano iliyochafuka, yenye harufu kama ya jiki. Verlyn alilijua hilo tangu utotoni. Ni yeye aliyewafundisha watoto wake: hakuna kupanda mnara uliojazwa karibuni kabla mashine ya kupuliza haijaungurumishwa kwanza, ikafukuza hewa hiyo.

Majirani walikuja na matrekta yao, wakakata mpaka Jumamosi. Mnara ulijaa nusu tu. Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo kwetu huangukia Septemba, siku ya mwisho kabla ya shule, na Jolene alitaka kuimaliza likizo yote ndani ya siku hiyo moja. Mchana watoto waliogelea kwenye bwawa la machimbo ya mawe. Kisha wakapangwa barazani kukatwa nywele, Dell akilalamika kwamba anafanywa kondoo. Viatu vipya vikajaribiwa. Vya Posy vilimbana, naye akaapa havimbani.

Jioni Verlyn akasema anapanda kusawazisha sileji, maana imelundikana upande mmoja. Akapaza sauti kuelekea dirisha la bafuni.

"Marit! Njoo uniwashie mashine!"

"Nina sabuni kichwani, Baba! Dakika tano!"

"Dakika zako tano nazijua. Kuku hutaga na kuangua."

Nilikuwa barazani nikimsuka Posy. Nilimwona Verlyn akienda zake. Nikadhani anakwenda zizini kungoja.

Hazikupita hata hizo dakika tano. Alirudi akiwa anakohoa, machozi yanamtoka, mkono mmoja umeegemea ukuta. Jolene akatoka na taulo begani.

"Umepanda? Bila kupuliza?"

"Nimechungulia tu."

"Kuchungulia kwa kichwa gani? Si ndicho hicho cha kupumulia?"

Akacheka, na kicheko kikamrudisha kwenye kikohozi. Akanywa maziwa, akakaa kwenye ngazi, kikohozi kikatulia. Marit akatoka amejifunga kitambaa kichwani, akauliza kuna nini, Verlyn akamwambia hakuna kitu, nenda kamalizie urembo wako. Tukala mahindi ya kuchemsha na soseji. Yeye alikula kidogo. Jolene akamwambia aende hospitali.

"Kwa kikohozi? Wataniweka mpaka asubuhi. Kesho watoto wanaanza shule, ng'ombe nani atakamua?"

"Nitakamua mimi."

"Na Posy nani atampandisha basi? Acha, mama. Nimeshapona."

Na kweli alionekana amepona. Hiyo ndiyo hila ya hewa ile. Humwacha mtu alale.

Asubuhi nilisimamisha basi mbele ya njia yao. Dell na Marit walipanda, wakafuata wenzao nyuma. Verlyn alikuja polepole amemshika Posy mkono, begi limemfunika mtoto mgongo mzima. Uso wa shemeji yangu ulikuwa rangi ya majivu.

"Shemeji, nimekuletea mzigo. Ukiuvunja umeununua."

"Verlyn, rangi yako si nzuri."

"Na yako ilikuwa nzuri lini?" Akainama akakohoa, akajishikilia kwenye mlango wa basi. Kisha akambusu Posy utosini. "Nenda ukawafundishe hao walimu."

Posy alikaa kiti cha nyuma yangu. Nilipoondoka nilimwona Verlyn kwenye kioo, bado amesimama, mkono umeinuliwa nusu.

Yaliyofuata aliniambia Jolene. Verlyn alirudi zizini akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jolene alimkuta anapumua kama anayevuta maji kwa mrija, povu jekundu mdomoni. Akamkokota hadi garini, yeye mwenyewe bado na mabuti yake ya zizini, akaendesha kama mwendawazimu. Madaktari walisema mapafu yamejaa maji. Mtu alikuwa anazama nchi kavu, na hawakuweza kumtoa. Adhuhuri ilikuwa haijafika alipokata roho.

Mchana nilipofika shuleni kuchukua watoto, mwalimu mkuu, Bwana Haugen, alikuwa amesimama mahali ninapoegesha. Mtu yule huwa hatoki ofisini. Nikajua kabla hajafungua kinywa. Alinipeleka kwenye simu yake, akatoka nje akafunga mlango.

"Arlys," alisema Jolene. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayeagiza kitu dukani. "Amekwenda. Verlyn amekwenda."

Nikauliza kama watoto wanajua.

"Watoto hawajui. Nisikilize. Usiwaambie. Nitawaambia mwenyewe, nyumbani, si kwenye ukumbi wa shule mbele za watu. Niletee nyumbani."

"Jolene, watanisoma usoni."

"Basi usiwatazame. Endesha."

Niliosha uso, nikaenda kukaa kwenye usukani. Watoto wakaingia kwa fujo yao ya siku ya kwanza, viatu vipya, sauti juu. Dell alipita mbio na rafiki zake akakimbilia nyuma kabisa. Marit akapita akasema, "Habari, mama mdogo," nikajifanya napangusa kioo. Posy akapanda wa mwisho, viatu mkononi.

"Vimekubana?" nikamuuliza.

"Havijanibana. Vimechoka."

Akakaa nyuma yangu, akaanza. Mwalimu wao ana nywele nyekundu. Mtoto mmoja amelia mpaka ametapika. Darasani kuna samaki, samaki huyo anaitwa Jenerali, na yeye Posy ndiye atakayemlisha Ijumaa.

"Nitamwambia Baba. Baba atasema samaki mmoja hashibishi mtu, eh, mama mdogo?"

"Ndivyo atakavyosema."

"Mbona hucheki?"

Nikacheka. Sijui kicheko hicho kilitoka wapi ndani yangu, lakini kilitoka, na Posy akaridhika akaendelea na hadithi zake. Nilishusha watoto nyumba hadi nyumba. Kila mlango ulipofunguka kulikuwa na mama au bibi amesimama njiani akitabasamu, na mimi nikiwapungia mkono.

Tulipopita daraja, gari moja lilitupita kwa kasi likielekea upande wa kwetu. Kwenye kioo nilimwona Marit akisimama, akaja mbele akishika kiti kimoja kimoja.

"Kaa chini, Marit. Basi linakwenda."

"Lile ni gari la mchungaji."

"Kaa chini."

"Mama mdogo. Ni Baba?"

Posy alikuwa anatutazama. Nyuma huko Dell alikuwa anapigana mieleka na wenzake, anacheka kwa ile sauti yake iliyoanza kuvunjika.

"Nina watoto wa watu humu," nikamwambia Marit. "Nakuomba ukae."

Akakaa pembeni ya mdogo wake. Alichukua viatu vya Posy akavishika mapajani kwa mikono yote miwili.

Jolene alikuwa amesimama uani, bado na mabuti yale. Mchungaji alikuwa nyuma yake. Nilifungua mlango. Posy akaruka chini miguu mitupu akapiga kelele, "Mama, kuna samaki!" Dell akashuka akiwa bado anacheka kitu alichoambiwa, kisha akamwona mchungaji, kicheko kikabaki mdomoni. Nilimwona Jolene akipiga magoti kwenye changarawe.

Sikuweza kushuka. Nilikuwa na watoto wanne wengine wa kufikisha makwao. Nilifunga mlango nikaondoka, na yowe la Dell nililisikia juu ya mlio wa injini.

Nilipolirudisha basi na kufika kwao, ng'ombe walikuwa wanalia. Ng'ombe hawana habari ya msiba. Chuchu zikijaa wanataka kukamuliwa. Magari ya majirani yalikuwa yamejaa njiani, na wanaume wawili walikuwa wameshaingia zizini, lakini Marit alikuwa amewatangulia, yuko katikati ya ng'ombe na nguo zake mpya za shule.

"Toka, mwanangu. Wapo watu wa kufanya kazi hiyo."

Hakuinua kichwa. "Nilimwambia dakika tano."

"Baba yako alikuwa mtu mzima. Mnara ule alikuwa anaujua kuliko wewe."

"Alikuwa anaujua. Lakini aliniita."

Nilichukua ndoo nikakamua upande wa pili.

Baada ya mazishi tulikula katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kama ilivyo desturi, viazi vya jibini na nyama baridi, watu wakinong'ona juu ya sahani. Posy alinijia akasimama mbele ya magoti yangu.

"Kwenye basi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukacheka kwa sababu ya Jenerali."

"Ndiyo, Posy."

Akafikiri. "Usicheke tena kama hujafurahi," akaniambia, akaenda kukaa na Dell.

Wiki iliyofuata Dell na Posy walirudi shuleni. Marit alibaki kukamua, na walimu wakakubali awe anafika baada ya asubuhi kupita. Bendi aliiacha. Majirani waliupuliza mnara siku nyingi kabla ya mtu yeyote kusogea karibu, kisha wakaufungua. Mwaka wa ukame hauna chakula kingine, kwa hiyo ng'ombe walikula sileji ile ile majira yote ya baridi. Dell aliacha kunywa maziwa. Mama yake hakumlazimisha.

Machi Jolene akauza ng'ombe. Malori yalikuja theluji ikiwa inayeyuka, matope hadi kwenye vifundo, na Marit ndiye aliyeshika lango wakitoka mmoja mmoja. Shule alimaliza. Barua ya chuo alikuwa nayo, lakini alisema mwakani, na mwaka uliofuata akasema tena mwakani, sasa yuko kwenye kiwanda cha jibini mjini. Mwite kwa jambo lolote, atakuja saa hiyo hiyo, hata mikono ikiwa na unga, hata ukimwambia halina haraka. Nimemwambia mara nyingi alale, apumzike, acha dunia ingoje kidogo. Akisikia anaitwa, ameshainuka.

Jolene hakuolewa tena. Anafanya kazi jikoni pale shuleni. Asubuhi huvuka barabara gizani, akapanda basi langu likiwa tupu, na tunakwenda kimya mpaka tumpakie mtoto wa kwanza.